Pai ya Matufaha Yenye Ganda la Majani: Mwongozo Kamili

Pai ya mapambo ikiwa bado mbichi hupendeza kila mara. Majani yamesimama, kingo zimekaa sawa, kila mshipa unaonekana. Ukitaka kumjua mpambaji, subiri itoke oveni. Pai yangu ya kwanza ya namna hii niliijaza majani zaidi ya 40, nikayachora mishipa moja baada ya jingine kwa ncha ya kisu, na baada ya saa moja nikatoa kitu kinachofanana na kobe aliyekanyagwa. Mkono haukuwa na kosa. Wakati nimeinamia mishipa yangu, unga ulikuwa unalainika taratibu pale mezani, na ukaingia oveni ukiwa umeshachoka.

Kwa hiyo mwongozo huu, ingawa unahusu pai ya matufaha, sehemu yake kubwa inahusu baridi. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, karibu sawa na joto la kiganja chako. Kila unaposhika jani ili ulipendezeshe, unaliyeyusha. Ukilielewa hilo, kazi iliyobaki ni uvumilivu na friji yenye nafasi.

Nimechagua matufaha na majani kwa sababu vinaendana: katika nchi za baridi tunda hili huvunwa kwa wingi wakati majani ya miti yanabadilika rangi na kupukutika. Ukishaijua njia, utabadilisha tunda na pambo upendavyo. Nitaligusia hilo baadaye.

Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi vinatosha sahani moja ya pai yenye kipenyo cha sm 23 na kina cha sm 4 hivi. Tumia mizani kama unayo. Kikombe cha unga kinaweza kupungua au kuzidi gramu 30 kulingana na ulivyochota, na kwenye ganda la pai tofauti hiyo unaiona.

Ganda:
- unga wa ngano wa kawaida, gramu 450
- siagi isiyo na chumvi, ya baridi kabisa, gramu 300
- maji ya barafu, mililita 110 hadi 150
- chumvi, kijiko cha chai kimoja na nusu
- sukari, kijiko kikubwa kimoja

Matunda ya ndani:
- matufaha, kilo 1.5 kabla ya kumenywa
- sukari, gramu 130
- maji ya limau, vijiko vikubwa 2
- wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kuzitisha mchuzi, gramu 25
- mdalasini wa unga, kijiko cha chai kimoja
- kungumanga iliyokunwa, robo ya kijiko cha chai
- siagi, gramu 30, na chumvi kidogo

Kumalizia: mayai mawili, maziwa kidogo, na sukari ya chenga kubwa ya kunyunyizia.

Utagundua kwamba ganda limefuata uwiano rahisi wa uzito: unga sehemu tatu, mafuta sehemu mbili, maji sehemu moja. Ukiushika kichwani hutahitaji tena karatasi ya mapishi. Nimeongeza unga kuliko pai ya kawaida kwa sababu majani nayo yanataka sehemu yake.

Kuhusu sahani: ya chuma hupitisha joto haraka na huoka ganda la chini vizuri kuliko nyingine. Ya kioo ni ya polepole kidogo, ila unaweza kuinyanyua ukaona chini kumeiva au la. Ya kauri ni nzuri mezani lakini hunitia wasiwasi, maana chini hubaki pamepauka. Tahadhari moja ya usalama: sahani ya kioo iliyotoka kwenye friza usiiweke juu ya trei ya moto. Inaweza kupasuka. Ukitumia kioo, ipoze pai kwenye friji, si kwenye friza.

Kutengeneza unga wa ganda

Fanya kazi hii siku moja kabla. Kata siagi vipande vya sm 1.5 hivi, virudishe kwenye friji dakika 15. Changanya unga, chumvi na sukari kwenye bakuli pana, kisha tia siagi na kuviringisha vipande ndani ya unga mpaka kila kimoja kivae vumbi lake.

Sasa bonyeza kila kipande kati ya kidole gumba na cha shahada kiwe bapa. Usisugue kama mtu anayefua. Unachotafuta ni mchanganyiko: nusu ya siagi iwe kama chenga za mkate, nusu nyingine ibaki vipande bapa vyenye ukubwa wa punje za njegere au kuzidi kidogo. Vile vidogo hulainisha ganda kwa kuufunika unga mafuta ili usishike maji mengi. Vile vikubwa ndivyo vinavyoleta matabaka. Ndani ya siagi mna maji, asilimia 16 hadi 18 hivi. Yakipata moto wa ghafla hugeuka mvuke, mvuke huinua unga, na mahali palipokuwa na siagi panabaki uwazi. Ndiyo maana siagi iliyoyeyuka mapema hutoa ganda gumu kama biskuti ya zamani: haikubaki siagi ya kuacha uwazi.

Nyunyizia mililita 110 za maji ya barafu huku ukichanganya kwa uma. Bana unga mkononi. Ukishikana, acha. Ukipukutika, ongeza kijiko kimoja kimoja. Hapa ndipo waokaji wengi huharibu, kwa kutaka donge laini kama la chapati. Donge la pai halikandwi. Ukilikanda unajenga gluteni, ule mnyumbuko unaoifaa chapati, na kwenye pai mnyumbuko huo hulivuta ganda lisinyae na kuteleza kutoka ukingoni. Donge lako liwe na sura ya kitu kilichokusanywa kwa haraka, lenye mistari ya siagi inayoonekana.

Ligawe mara tatu kwa mizani: gramu 340 za chini, gramu 300 za kifuniko, na zilizobaki ni za majani. Bapaza kila donge, lifunge kwenye nailoni, liingie friji kwa saa moja walau. Usiku kucha ni bora zaidi, kwa kuwa maji yanapata muda wa kuenea na gluteni inatulia. Kwenye friji donge hukaa siku mbili bila tatizo. Likizidi huanza kuwa la kijivu. Kwenye friza ni miezi mitatu.

Majani

Anza na majani kabla hujagusa tunda lolote. Yanaweza kukaa kwenye friza siku kadhaa, na siku ya kuoka utanishukuru.

Toa donge la majani, liache mezani dakika 5 hadi 10 mpaka likubali kifimbo bila kupasuka. Lisukume juu ya karatasi ya kuokea lifike unene wa mm 3. Likiwa jembamba zaidi majani huungua ncha. Likiwa nene, sura hupotea kwa sababu unga huumuka. Kisha inua karatasi yote pamoja na unga wake, iweke kwenye trei, na uitie friza dakika 10. Ndiyo, kabla ya kukata. Unga uliokakamaa hukatika kwa ukingo mkali, na ukingo mkali ndio unaobaki jani baada ya oveni. Unga laini hukatika kwa kuvutwa na jani hutoka limepinda.

Kama una vikato vya umbo la jani, vizuri. Kama huna, chora jani kwenye karatasi ngumu, likate, liweke juu ya unga na ulizunguke kwa kisu kidogo chenye makali. Kata ya ukubwa tofauti, kati ya sm 3 na 6. Majani yote yakilingana pai inaonekana kama kitambaa cha dukani.

Mishipa ichorwe kwa mgongo wa kisu, si kwa makali yake. Anza na mshipa wa katikati, kisha matawi yake kwa mshazari. Zama hadi nusu ya unene. Mchoro hafifu utafutika unga ukiumuka, na mchoro uliopenya utaligawa jani vipande viwili. Nikiwa na haraka mimi huchora wa katikati peke yake, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Baadhi ya majani yalaze juu ya vimpira vya foili iliyokunjwakunjwa ili yapinde kama jani kavu lililoanguka. Haya yaoke peke yake, kwenye nyuzi 190, dakika 12 hadi 15, ukiwa umeyapaka yai kidogo. Yatapachikwa juu ya pai ikishaiva. Hii ni siri ndogo ya zile pai zenye majani yaliyosimama wima: hayakuokwa pamoja na pai. Jani bichi lililosimamishwa juu ya matunda yanayochemka litalala tu, hata uliombe vipi.

Majani mengine, yale bapa, yabaki kwenye friza mpaka yatakapohitajika.

Ukitaka rangi mbili, chukua theluthi moja ya donge la majani kabla ya kulipoza na ulichanganye na vijiko viwili vya chai vya kakao. Rangi za mboga, kama bitiruti ya unga, sikushauri sana; zikiwa mbichi zinavutia, zikitoka oveni nyingi zimekuwa kahawia. Kakao angalau inaingia ikiwa kahawia.

Matufaha

Tufaha la pai linahitaji mambo mawili: uchachu, na nyama inayobaki kipande baada ya kuiva. Aina ya Granny Smith ina vyote viwili. Golden Delicious ni tamu na hushika umbo vizuri, hivyo nusu kwa nusu ya hao wawili hunipa ladha ninayoipenda. Braeburn pia ni zuri. Red Delicious liache kwenye bakuli la matunda, likipikwa hupooza ladha na kuwa unga. Bramley, linalopendwa sana Uingereza, hurojeka likawa kama uji. Ladha yake ni nzuri hata hivyo, ila ujue unachokitarajia.

Menya, toa moyo wenye mbegu, kata vipande vya mm 6. Changanya na sukari, limau, viungo na chumvi, uache saa moja. Rudi na utakuta maji yamejaa chini ya bakuli. Usiyamwage. Chuja maji hayo kwenye sufuria ndogo, ongeza gramu 30 za siagi, chemsha mpaka yabaki theluthi na yawe mazito kama asali nyepesi. Yaache yapoe. Matufaha yenyewe yachanganye na wanga, kisha mwagia ile sharubati.

Kwa nini usumbufu huu? Kwanza, maji yakishapungua nje hayatalilowesha ganda la chini. Pili, matufaha mabichi yaliyorundikwa hunywea ndani ya oveni, wakati kifuniko kimeshakauka juu yake, na ukikata unakuta pango. Yaliyokaa na sukari yameshalegea, hivyo yanapangika kwa kubanana. Muhimu: yawe baridi kabisa kabla ya kuingia kwenye ganda. Matunda vuguvugu ni adui yuleyule wa mwanzo, ila safari hii anashambulia kutoka chini.

Kujenga pai

Sukuma donge la gramu 340 liwe duara la sm 32 hivi. Anzia katikati kwenda nje, ukizungusha donge robo ya duara kila baada ya misukumo miwili, na unga kidogo chini ili lisigande. Lizungushe kwenye kifimbo, lifungulie juu ya sahani, kisha linyanyue kingo ili lishuke lenyewe mpaka pembeni. Usilivute. Unachokivuta sasa kitarudi kilipotoka wakati wa kuoka, na pembe za pai zitashuka. Acha ziada ining'inie, weka friji dakika 20.

Panga matufaha kwa mkono, bapa kwa bapa, yakiwa na kichuguu kidogo katikati. Sukuma kifuniko kiwe na unene wa mm 2 na nusu, kipana cha sm 28. Kiweke juu, kunja ziada ya chini juu ya kifuniko au chini yake, bana vizuri pande zote.

Hapa ndipo uamuzi wa urembo unapofanyika, na ushauri wangu ni uache mahali pasipo na kitu. Panga majani kuzunguka ukingo wote, yakipishana kama vigae vya paa, kila moja likiwa limefunika theluthi ya lililotangulia. Kisha tengeneza mkusanyiko mmoja wa majani unaotoka ukingoni kuelekea katikati, upande mmoja tu. Sehemu iliyobaki iwe kifuniko kitupu. Jicho linahitaji pa kupumzikia, na kuna sababu ya kiufundi pia: majani yakirundikana zaidi ya tabaka mbili juu ya kifuniko, unga wa kati hubaki mbichi.

Gundisha kila jani kwa ute wa yai uliopakwa kidogo sana chini yake. Maji nayo hushika, lakini yakizidi jani linateleza. Fanya kazi kwa majani matano matano kutoka kwenye friza. Ukiona moja linalegea mkononi, lirudishe uchukue jingine.

Mvuke lazima upate njia. Kata mipasuo minne au mitano ya sm 3 kwenye kifuniko, karibu na ncha za majani ili isionekane sana, ila hakikisha hakuna jani lililoiziba. Pai isiyopumua itajitobolea yenyewe, na itachagua mahali pabaya.

Kupaka rangi ndiyo hatua ya mwisho kabla ya baridi. Yai zima lililopigwa na kijiko kimoja cha maziwa hutoa dhahabu yenye mng'aro. Kiini peke yake hutoa rangi nzito zaidi. Maziwa peke yake huacha rangi iliyotulia bila mng'aro. Mimi hupaka kifuniko maziwa, majani mengine yai zima, mengine kiini, na pai hutoka na vivuli vitatu vya kahawia kutoka unga uleule. Paka kidogo, yai likituama kwenye mishipa uliyochora kwa jasho, litaijaza na kuifuta. Nyunyiza sukari ya chenga kwenye kifuniko, si kwenye majani.

Sasa pai nzima iingie friza dakika 20, au friji dakika 45 kama sahani ni ya kioo. Usiiruke hatua hii hata wageni wakiwa mlangoni.

Kuoka

Washa oveni nyuzi 220 mapema, dakika 30 walau, na uweke trei nzito kwenye rafu ya chini ipate moto pamoja nayo. Pai ikikaa juu ya trei ya moto, ganda la chini huanza kuiva kabla maji ya matunda hayajalifikia. Trei pia hudaka sharubati itakayofurika, na itafurika. Kwa sahani ya kioo, weka pai kwenye rafu yenyewe, trei ikae chini yake.

Oka dakika 20 kwenye nyuzi 220. Moto huu mkali ndio unaokausha pambo kabla siagi haijapata nafasi ya kutiririka. Kisha shusha hadi nyuzi 190 na uendelee dakika 40 hadi 55. Majani ya ukingoni huiva kwanza. Yakishakuwa ya dhahabu, yafunike kwa mkanda wa foili uliolegezwa. Angalia kuanzia dakika ya 30.

Rangi peke yake isikudanganye. Pai imeiva pale sharubati inapochemka kwa mapovu mazito, polepole, kwenye mipasuo ya katikati. Wanga wa mahindi hauzitishi vizuri mpaka ufike karibu na nyuzi 95, na mapovu ya pembeni hayakuambii lolote kuhusu katikati. Ukiwa na kipimajoto, kichome kwenye mpasuo.

Ikitoka, iweke kwenye waya ipoe saa tatu hadi nne. Najua. Lakini wanga hushika kadiri unavyopoa, na pai iliyokatwa moto humwaga kila kitu kwenye sahani. Pachika yale majani yaliyopinda wakati pai ingali vuguvugu, kwa tone la asali chini ya kila moja.

Matunda mengine, mapambo mengine

Tofauti kubwa kati ya matunda ni maji. Kwa kilo moja ya tunda, pichi zinahitaji wanga gramu 30 hadi 35, cheri gramu 35 hadi 40, na beri laini kama blueberry gramu 45 hivi. Beri zenye juisi nyingi hazipendi kifuniko kizito; zifunike kwa kanda za unga zilizosukwa kama mkeka, juu moja, chini moja, ili mvuke utoke kila mahali. Kanda nazo zikatwe zikiwa baridi na kusukwa juu ya karatasi, ndipo zitelezeshwe juu ya pai. Ukisukia juu ya matunda utapaka juisi kila ukanda.

Pambo lifuate msimu wa tunda: maua madogo kwa beri za kiangazi, nyota na matawi ya msonobari kwa pai za baridi kali zenye peasi na zabibu kavu. Nyota ndizo rahisi kuliko zote kwa anayeanza, kwani hazina mishipa. Msuko wa nyuzi tatu kuzunguka ukingo unafaa msimu wowote na hauhitaji kikato.

Pai iliyobaki hukaa siku mbili nje ikiwa imefunikwa, au siku nne kwenye friji. Ipashe kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 15, maana maikrowevu hulegeza ganda. Vipande vya unga vilivyobaki baada ya kukata majani visikandwe upya kuwa majani mengine, vitasinyaa. Vinyunyizie sukari na mdalasini, uvioke dakika 12 vikiwa kama vilivyo, na uvile ukiwa unasubiri zile saa nne.